"Alikuwa anajifunza tu": kijana wa miaka 16 na mashine ya randa Keko

Kijana akiumia karakanani, utetezi wa kwanza huwa ni uleule: huyu hakuwa mfanyakazi, alikuwa anajifunza tu. Fundi anausema, mjomba aliyempeleka anauitikia, na kijana mwenyewe anaukubali kwa sababu hataki kumponza mtu aliyekuwa anampa hela ya kula. Wengi tukisikia habari ya mtoto na mashine tunakimbilia kuuliza umri wake. Umri ni sehemu nyepesi ya kisa. Kinacholeta kazi ni huko kujifunza, na ndiko nitakakokaa zaidi.

Kisa nimekiunda mwenyewe kwa kukusanya mazingira ambayo yeyote aliyewahi kuagiza kitanda au kabati Keko, Dar es Salaam, atayatambua. Hakuna kijana mmoja wala karakana moja ninayoilenga. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina zake.

Kilichotokea

Tumwite Dogo, kama karakana nzima inavyomwita. Ana miaka 16 na miezi kadhaa. Alimaliza darasa la saba Kilwa, hakuendelea, akakaa nyumbani akisaidia shambani mpaka mjomba wake anayeishi Mbagala alipomleta mjini. Mjomba anafahamiana na fundi seremala wa Keko. Makubaliano yalifanyika kwa mdomo, wamesimama: "Nifundishie huyu kijana kazi, asije akazurura." Fundi akasema sawa, kesho aje.

Mshahara haukutajwa. Kulikuwa na hela ya kula, shilingi 3,000 kwa siku, na kitanda kikitoka kwa bei nzuri Dogo anaongezewa chochote kitu. Anafika saa moja asubuhi, anafagia maranda ya jana, anashusha mbao kwenye guta, anapiga msasa, anachanganya vanishi na tina, anapaka. Kuondoka ni giza likiingia. Sikukuu zikikaribia, wateja wakianza kupiga simu kila baada ya nusu saa, ni saa tatu usiku na zaidi. Ilikwenda hivyo miezi minane.

Sasa kuna jambo la Keko ambalo msomaji wa mbali anaweza asilijue, na lina uzito katika kisa hiki. Mafundi wengi hawana mashine zao. Fundi ana benchi, msumeno wa mkono, nyundo, patasi, labda na drili. Mbao zikitaka kupigwa randa au kupasuliwa, zinapelekwa kwa mwenye mashine, analipwa, zinarudi zimenyooka. Fundi wa Dogo alikuwa wa namna hiyo. Kibanda cha mashine kilikuwa hatua chache mbele, na mbeba mbao wa kwenda na kurudi alikuwa Dogo.

Jioni ya ajali kulikuwa na droo za kabati la nguo zinasubiriwa. Dogo akapeleka vipande vya mkongo. Mwendesha mashine alikuwa amekwenda kula, kabaki msaidizi wake, ambaye alimwambia: "Pitisha mwenyewe bwana, si unajua?" Dogo alijua kwa maana ya kwamba alishaona watu wakipitisha. Randa ya aina ile ni meza ya chuma yenye mwanya katikati, na chini ya mwanya linazunguka gogo la chuma lililofungwa visu. Ubao mrefu unatulia juu ya meza na unausukuma bila shida. Kipande kifupi hakina pa kuegemea. Kilipofika kwenye jicho la ubao, visu vikakirusha nyuma, na mkono uliokuwa ukikikandamiza ukatumbukia mwanyani. Kifuniko cha visu hakikuwepo. Bolti mbili za kukishikia zilikuwa bado zipo pembeni mwa meza, zimekula kutu, ishara kwamba kiliwahi kuwepo na mtu akakitoa siku nyingi.

Msumeno ukikata kidole, wakati mwingine kipande kinaokotwa na daktari anajaribu kukirudisha. Randa haiachi kipande. Dogo alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati.

Kwenye bodaboda fundi alikaa nyuma yake, amemshika kiunoni asidondoke, akamwambia: "Sema umejikata nyumbani." Hospitali ikaandika hivyohivyo. Matibabu yote alilipa fundi, na si haki kulipuuza hilo. Baada ya wiki mbili wakakaa ofisi ya serikali ya mtaa. Mjomba akapokea shilingi 250,000 za kifuta jasho, ikaandikwa karatasi kwamba mambo yameisha na hakuna atakayemdai mwenzake, mjomba na fundi wakasaini, mjumbe akashuhudia. Dogo alikuwa nje kwenye benchi. Hakuna aliyemwita.

Umri, kwa haraka

Namba inayotajwa vijiweni ni 14. Ipo kweli. Tanzania iliporidhia Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1998 ilitangaza 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ikauweka kwenye kifungu cha 5. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo ikaurudia. Tatizo ni kwamba watu wanaishia katikati ya sentensi. Mwenye miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi, isiyomdhuru afya wala makuzi na isiyomkosesha shule au mafunzo. Kwa migodi, viwanda, ubaharia na sehemu nyingine yoyote ya kazi yenye mazingira hatarishi, pamoja na sekta isiyo rasmi na kilimo, kifungu hichohicho kinapandisha namba hadi 18.

Na 16 je? Mkataba 138 unaipa nchi nafasi ya kuruhusu kazi hatarishi kuanzia miaka 16, endapo afya, usalama na maadili ya kijana vinalindwa kikamilifu na amefundishwa vya kutosha kazi husika. Bara haikuichukua namba hiyo. Ilichukua masharti yake na kuyafunga kwenye sheria zinazosimamia mafunzo, kwa hiyo mtu anayesema "ana 16, huyo mkubwa" hana kifungu cha kushika.

Fundi anaweza kujaribu njia nyingine: "Nilidhani ana 20, tazama mabega yale." Hapo sheria imemtangulia. Umri ukibishaniwa, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mwajiri, na haitoshi kusema alidhani. Lazima aonyeshe kwamba alichunguza kwanza, na kwamba baada ya kuchunguza ilikuwa busara kuamini kijana si mdogo. Kuchunguza ni kuomba cheti cha kuzaliwa, au cheti cha kumaliza darasa la saba, au hata kumpigia mama yake Kilwa. Fundi hakufanya lolote katika hayo. Tena mtu wa miaka 20 angetarajiwa awe na kitambulisho cha NIDA au walau namba yake. Swali moja tu lingetosha.

Kujifunza

Hapa ndipo fundi anapojiona yuko salama. Hakuandikishiana mkataba wa ajira na mtu, hakulipa mshahara, alimsaidia ndugu wa rafiki yake. Ukimsikiliza unamwonea huruma, na sidhani kama anadanganya. Ndivyo anavyoyaona mambo, kwa sababu naye aliingia karakanani kwa mlango huohuo.

Lakini sheria haiulizi mliitanaje. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mkataba uwe wa namna gani, ikiwa kiashiria kimoja tu kati ya vilivyoorodheshwa kipo. Kimoja tu. Je, anaelekezwa namna ya kufanya kazi? Dogo anaelekezwa tangu anafika. Je, saa zake anapangiwa? Ndiyo. Je, vifaa anapewa? Hata msasa si wake. Je, anamtegemea huyo mtu kiuchumi? Ile 3,000 ndiyo chai, ndiyo wali, ndiyo nauli ya Mbagala. Je, anamfanyia kazi mtu mmoja tu? Ndiyo. Je, kwa miezi mitatu iliyopita amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi au zaidi? Saa 45 za mwezi Dogo anazimaliza kabla ya wiki ya kwanza kuisha.

Kwa hiyo kisheria anayepaswa kuhangaika ni fundi, kuonyesha kwamba kweli alikuwa anafundisha. Atuonyeshe nini? Sheria ya Mtoto ina sehemu nzima ya uanagenzi, yaani kijana kujifunza kazi kwa fundi, na haibagui karakana rasmi na ya mtaani. Inataka makubaliano kati ya fundi na mzazi au mlezi yaandikwe, na inamtwika fundi wajibu wa kumfundisha kijana, kumlinda asiumie na kuangalia maadili yake. Katika kisa chetu karatasi pekee iliyowahi kuandikwa ni ile ya kumaliza mambo baada ya ajali.

Hata tukiiacha karatasi, kuna kipimo ninachokiamini kuliko saini. Mwulize kijana anachoweza kutengeneza. Dogo baada ya miezi minane anazijua mbao kwa harufu, anajua msasa wa kuanzia na wa kumalizia, anajua tina kiasi gani inatosha kwa kopo la vanishi. Kupima droo hajui. Kuchora hajui. Hajawahi kuunga kigoda chake mwenyewe, hata cha kuharibu. Aliyefundishwa anakuwa na vitu vibaya alivyovitengeneza mwanzo. Dogo hana hata kimoja, kwa sababu muda wake wote ulikwenda kwenye kazi za karakana ambazo mtu mzima angelipwa zaidi kuzifanya.

Chuo cha VETA Chang'ombe hakiko mbali na Keko. Kijana wa miaka 16 anaweza kuwa humo akifundishwa useremala kwenye mashine, na sheria haimgusi mtu, maana kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kimeacha mlango wazi kwa mafunzo yanayosimamiwa na sheria. Watu wa karakana wanauona huu kuwa upendeleo: kwa nini kule ruhusa na kwetu kosa, na mashine ni zilezile? Mlango huo una masharti mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza, afya, usalama na maadili ya kijana vilindwe kikamilifu. La pili, awe amepata au anapata mafunzo mahususi ya kazi ile. Msaidizi anayesema "pitisha mwenyewe, si unajua?" ameyavunja yote mawili kwa pumzi moja. Angeyasema hayo mwalimu wa chuo, naye angekuwa ameyavunja vilevile.

Kwa maoni yangu utetezi wa kujifunza unafia hapa. Nauita utetezi hafifu hata pale ambapo kijana alikuwa anajifunza kweli, maana kujifunza kunamwongezea fundi wajibu wa ulinzi. Wengi wanautumia wakidhani unaupunguza.

Mashine ni ya jirani

Wakili mzuri wa fundi ataacha kubishana kuhusu ajira na kuhamia hapa. Sawa, atasema, tuchukulie alikuwa mwajiriwa. Mteja wangu hana mashine. Karakana yake ni benchi na nyundo. Kazi hatarishi ilikuwa kwa jirani, na jirani hatukumwambia ampe mtoto mashine.

Hoja haina upuuzi ndani yake. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Mtoto kinataja kazi hatarishi: ubaharia, uchimbaji madini na kuvunja mawe, kubeba mizigo mizito, viwanda vinavyozalisha au kutumia kemikali, kazi katika sehemu zinakotumika mashine, na kazi za baa, hoteli na sehemu za starehe ambako mtoto anaweza kukutana na mambo machafu. (Ukiisoma orodha hiyo ukiwa Dar unaona imepita Feri, ikapita machimbo ya kokoto ya Kunduchi, ikaingia Kariakoo kwa wabeba mizigo, ikamalizia baa.) Angalia kwamba kwenye mashine kifungu kinasema *sehemu*. Hakisemi kuendesha. Ukikisoma kwa ukali, kijana anayepiga msasa pembeni ya randa inayonguruma tayari yuko mahali ambapo hapaswi kuajiriwa.

Mimi nakisoma kwa ukali huo, na kwa Keko nadhani ndio usomaji pekee unaolingana na hali halisi. Mahali pa kazi pa Dogo palikuwa ni njia nzima kutoka benchi hadi kibanda cha mashine na kurudi. Kutumwa kwenye mashine ilikuwa sehemu ya kila siku ya kazi yake. Fundi anayemtuma mtoto kwenye mashine ya mwenzake asidhani ameihamisha hatari kwa mwenzake.

Halafu, hata ukiiondoa randa kabisa, bado kuna mbao. Ubao mbichi wa mkongo, mrefu, mnene, unaoshushwa kwenye guta na kuwekwa begani mwa kijana wa miaka 16: hiyo ni mizigo mizito. Na bado kuna saa. Sheria ya Mtoto inaihesabu kazi inayozidi saa sita kwa siku kuwa ya unyonyaji, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Zile jioni za sikukuu zinatosha zenyewe kuwa shauri bila tone la damu.

Jirani mwenye mashine naye ana jibu lake: simjui huyo mtoto, si wangu. Lakini kifungu cha 82 kinakataza kumwajiri *au kumshughulisha* mtoto katika kazi hatarishi, na msaidizi wake ndiye aliyemshughulisha jioni ile. Zaidi ya hapo kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ambayo inataka sehemu hatari za mashine zikingwe. Hapo haulizwi mtu umri. Visu vile vingemkata mtu wa miaka 40 vilevile, na zile bolti zenye kutu zinaonyesha kinga haikukosekana kwa bahati mbaya.

Nikilazimishwa kuwagawia mzigo, kosa la kumwajiri mtoto katika kazi hatarishi ni la fundi zaidi. Jeraha lenyewe, fidia ya vidole, sehemu kubwa ningeipeleka kwa mwenye mashine. Wengine wataigawa kinyume, kwa hoja kwamba bila fundi kumtuma Dogo asingefika pale. Mahakama inaweza kuwabebesha wote wawili na kuwaacha wadaiane wenyewe.

Kuna mtu wa tatu ambaye watu hawapendi kumtaja. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinamfanya mkosaji pia yule anayemtafutia mtoto ajira iliyokatazwa. Mjomba. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa ya visa hivi kuishia serikali ya mtaa: mtu wa familia anayejua mambo ya mjini, ambaye ndiye angetegemewa kwenda kushtaki, na yeye yumo ndani ya kosa. Anakubali haraka, na wala si lazima iwe ni kwa tamaa ya laki mbili na nusu.

Karatasi ya kumaliza mambo

Ina nguvu kiasi gani? Kidogo kuliko wanavyodhani waliosaini. Mjomba hakuwa mzazi, na hakuna aliyempa mamlaka ya kusamehe madai ya kijana. Wazazi wako Kilwa na walisikia habari kwa simu. Kosa la jinai halifutwi na familia wala na mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa wao si wenye kesi. Zile 250,000 hazipotei: mbele ya mwamuzi zitahesabiwa kuwa sehemu ya fidia iliyokwisha kulipwa. Basi.

Karatasi inayoniogopesha ni ya hospitali. "Amejikata nyumbani" imeandikwa siku ileile ya ajali, na mtu asiyehusika, na mahakamani maandishi ya namna hiyo yana uzito. Inaweza kukanushwa, ila kwa kazi. Daktari anaweza kueleza kwamba jeraha la randa halifanani na la kisu cha jikoni. Dereva wa bodaboda anajua aliwapakia wapi. Aliyelipa matibabu ni fundi, na kama alilipa kwa simu ujumbe wa muamala uko na tarehe yake. Mwenye karakana analipiaje hospitali mtoto aliyejikatia kwao Mbagala? Hayo yakusanywe mapema, namba za simu zinabadilika na mafundi wanahama vibanda.

Adhabu inategemea umeshika sheria ipi

Sheria ya Ajira inasema kosa la kifungu cha 5 linaweza kuleta faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo cha mwaka 1, au vyote. Sheria ya Mtoto, kama ilivyotungwa mwaka 2009, kwa kosa la kazi ya unyonyaji inaanzia faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha miezi 3. Laki moja haifiki hata nusu ya kile kifuta jasho. Anayeandaa mashtaka akifungua kitabu kimoja badala ya kingine, kisa kilekile kinageuka kutoka kosa zito kuwa kitu cha kulipa na kurudi benchi mchana. Ningeshika Sheria ya Ajira kwa fundi na Sheria ya Usalama kwa mwenye mashine, halafu Sheria ya Mtoto nikaitumia kueleza hatari, saa na usiku.

Upande wa fundi

Fundi atauliza, na ana haki ya kuuliza: mlitaka nimwambie nini mjomba wake? Arudishe mtoto Kilwa? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta watoto milioni 4.2 wa miaka 5 hadi 17 katika utumikishwaji, yaani 28.8% ya watoto wote wa umri huo Tanzania Bara, na wengi wao walikuwa kwenye kilimo. Dogo asingekuwa Keko angekuwa shambani, na shamba nalo lina dawa na mapanga. Mtoto anamaliza darasa la saba na miaka 13 au 14. Asipoendelea, kuna miaka minne hivi ambayo sheria inasema hapa hapana na pale hapana.

Bado sikubali kwamba hakuwa na njia. Angeweza kumpokea kwa maandishi, ukurasa mmoja, mama au baba akiwa kwenye simu na mtendaji wa mtaa akigonga muhuri. Angeweza kumweka kwenye kupima, kuchora, kuunga kwa mkono, kufunga vitasa, kuhudumia wateja na kuandika oda, benchi likiwa mbali na mashine. Msasa kidogo na barakoa usoni, kwa kuwa vumbi la mbao limewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vanishi na tina apake mtu mzima. Mbao zibebwe na mtu mzima, na randa aende mwenyewe au ampe deiwaka, kibarua wa kutwa. Saa sita za kazi zikitimia kijana aondoke, akiwa amepata na mapumziko ya kutosha. Kinachomuuma fundi katika mpango huu ni gharama: kijana wa namna hiyo anakula muda wa fundi kuliko anavyoingiza. Ndivyo ilivyo. Aliyekuwa anaibeba gharama hiyo kabla ni Dogo.

Jambo jingine linalomkaba ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kila mwajiri Bara anatakiwa kujisajili na kuchangia, na kwa sekta binafsi mchango ni 0.5% tu ya malipo ya wafanyakazi. Fundi huyu hajasajiliwa, na hata angetaka, kumwandikisha Dogo ingekuwa kukiri kosa kwa mwandiko wake. Kumbe kumtumia mtoto kunamnyima fundi mwenyewe ile bima ambayo ingemwokoa siku ya ajali.

Madai na muda wake

Pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Temeke au namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi. Afisa kazi ana mamlaka ya kuingia karakanani na kukagua, na OSHA ina wakaguzi wake wa mashine.

Madai ya ujira, tofauti ya kile alichostahili na zile 3,000, yanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi ina siku 60 tangu ilipozuka. Wiki mbili za mwanzo zilikwenda kwenye mazungumzo, na familia kwa kawaida hungoja kidonda kipone ndipo ifikirie ofisi. Kwa hiyo yaelekea Dogo ataomba kwanza kuongezewa muda, na kuwa mtoto bila mzazi mjini ni sababu ya kueleza katika maombi hayo.

Fidia ya jeraha kwa uzembe ina muda mrefu zaidi. Madai ya aina hiyo yana miaka 3, na kwa aliyeumia akiwa chini ya miaka 18 hesabu huanza anapotimiza 18. Anaweza kufungua shauri sasa kupitia mtu mzima anayemwakilisha, na kwa hali ilivyo mtu huyo asiwe mjomba. Asipofungua sasa, ana mpaka atakapofikisha miaka 21, dhidi ya fundi na dhidi ya mwenye mashine.